Nafasi ya Watu Wawili

Shuka lilikuwa limebonyea.

Halikukunjamana, hapana. Pembe zake nne zilikuwa zimechomekwa chini ya godoro vilevile zilivyoachwa, mito miwili imeegemea ubao wa kitanda, taulo mbili zimekunjwa miguuni. Ila karibu na ukingo palikuwa na bonde la mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri, na kwa lilivyozama, aliyekaa hakuwa mwepesi.

Mwenye nyumba alilitazama bonde lile, akasonya.

Mtaani walimwita Mama Shuka. Mtoto Mungu hakumjalia. Jina lilitokana na mashuka yake meupe, aliyoyapiga pasi na kuyatandika mpaka mgeni akilala anaogopa kujigeuza. Alikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, cha juu, chenye ngazi yake ya chuma nje ya nyumba. Wageni aliwapata kwa simu, kupitia mtandao wa kupangisha vyumba: wa siku mbili, wa wiki, na wale aliowapenda kuliko wote, wageni wa miezi. Chini aliishi yeye na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, macho yamefifia, magoti yamegoma, ulimi mzima.

Chumba kilikuwa hakijafunguliwa kwa siku kumi na moja. Ufunguo mmoja ulining'inia shingoni mwa Mama Shuka. Wa pili ulikuwa ndani ya kisanduku cha namba kando ya mlango, na namba zenyewe alizijua yeye na mgeni mmoja tu. Mgeni ambaye alisema haji.

"Kumbe amekuja!" alifoka peke yake, mikono kiunoni. "Mtu anakulilia kwenye simu kwamba haji, halafu anaingia kimyakimya kama paka wa jirani!"

Alilivuta shuka alinyooshe upya. Lilikuwa na joto, kama kiti cha mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Ilikuwa saa sita mchana, dirisha limefungwa, na chumbani mlinuka sufuria iliyoungua bila kitu ndani.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, maana hata Mama Shuka alipokuja kuyasimulia haya hakujificha. Alianza na kosa lake.

Mwaka ule wageni wa miezi walikuwa wamemchezea. Wa kwanza, mhandisi wa barabara, alichukua miezi miwili akaghairi asubuhi ya kufika, chai ikiwa mezani. Wa pili, mtu na mkewe, walikaa wiki moja kati ya nne wakaondoka, wakidai jogoo wa jirani anawika kwa makusudi. Kila mara Mama Shuka alikuwa ameshawakatalia wengine kwa ajili yao. Kila mara alibaki na kalenda tupu na kifua kimejaa. Na hasira zile hakuzitema. Alizikalia kama kuku anavyokalia mayai.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka mji wa mbali. Aliomba siku tisini, nafasi ya watu wawili: yeye na mama yake mgonjwa, aliyekuwa aje kutibiwa katika hospitali ya ng'ambo ya barabara. "Ngazi ina pa kushikilia?" mwalimu aliandika. "Mama hana magoti." Mama Shuka akamwita Fundi Komeo, yule wa milango na vitasa, akachomelea bomba la kushikia kutoka chini mpaka juu. Bomba hilohilo mama yake mwenyewe alikuwa ameliomba kwa miaka sita, akajibiwa kila mwaka kwamba subiri.

Siku mbili kabla ya kufika, mwalimu akaandika tena: "Mama amefariki alfajiri ya leo. Naomba ukubali nifute nafasi. Samahani kwa usumbufu."

Mkono wa Mama Shuka ulitangulia akili. "Kufa kwa mama yako si kosa langu," aliandika. "Siku tisini ulizichukua mwenyewe, ni zako. Chumba kina mwenyewe, na akae mwenyewe mpaka ziishe." Akabofya kukataa.

Halafu akafanya jambo ambalo mwenye kupangisha tu ndiye angelifikiria. Ili mwalimu akimshtaki kwa wenye mtandao asiwe na pa kushika, alipanda juu akamtandikia mgeni asiyekuja. Kitanda cha wawili, taulo mbili, glasi mbili. Juu ya mto akaweka kile kikaratasi chake cha siku zote, "Karibu, jione uko kwako," akapiga picha iwe ushahidi, akafunga mlango bila kusema hata bismillahi. Chumba kitupu, kitanda tayari, mwenyeji amekaribisha, mgeni hana jina. Nani asingeingia?

Sasa basi, baada ya kuliona lile bonde, alishuka ngazi kwa kishindo akampigia mwalimu.

"Uko chumbani kwangu?"

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye nyumba! Umeingia lini bila kubisha hodi?"

Upande wa pili kulikuwa na sauti za watu wengi na vyombo vinavyokusanywa. "Mama," mwalimu alisema polepole, "mimi niko kwetu. Matanga yameisha jana. Niko chumbani kwako vipi?"

"Mwongo," alinong'ona Mama Shuka. Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake barazani, pale ngazi inapoanzia, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Usimgombeze mgeni wako," alisema. "Ana adabu kuliko wote uliowahi kuwaleta."

"Mgeni yupi, mama?"

"Wa juu. Hushuka jua likiwa la utosi. Mguu mmoja mzito, mwingine sijausikia bado. Husimama hapo kidato cha mwisho akaniuliza magoti yanaendeleaje. Wewe mwanangu hujaniuliza tangu mfungo uliopita."

"Mama, juu hakuna mtu."

"Basi huyo hakuna mtu ana sauti nzuri." Bibi alicheka, kisha akashusha sauti kama anayetunza siri. "Anasema kuna taulo mbili huko. Anasema yake ameshaanza kuitumia."

Mama Shuka alihisi kitu cha baridi kikimtambaa mgongoni, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, akakigeuza kuwa hasira. Mwizi! Mwizi amezipata namba za kisanduku, anaoga kwa maji yake na kumchezea mama yake mzee! Kesho yake saa tano Fundi Komeo alikuwa mlangoni na mfuko wa vifaa.

Fundi huyu alikuwa mtu wa kazi mbili. Kwa mkono alifungua vitasa. Kwa kifua, kilichohifadhi Kitabu tangu ujana, aliitwa kwenye nyumba zilizosumbuliwa na visivyo na miguu. Ila kazi hii ya pili hakuipenda. Alisema ya kwanza ina risiti.

"Ng'oa, weka kipya," aliamuru Mama Shuka.

Fundi aligusa parafujo akautoa mkono upesi. "Umeiacha pasi hapa? Chuma kinachoma." Akaweka sikio mlangoni. Akakaa hivyo muda. "Nani yuko ndani?"

"Hakuna."

"Hakuna anapumua, dada."

Wakasikiliza wote wawili. Kitanda kililia, kama mtu mnene anasogea kumpisha mwenzake. Ile harufu ya sufuria tupu ikapita chini ya mlango. Fundi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na ndani mtu akanyamaza kwa heshima mpaka aliposimama kuvuta pumzi.

"Fundi," ilisema sauti, taratibu, kama ya karani dirishani. "Mimi sikuvunja mlango. Nimepewa siku tisini, zimepita kumi na mbili. Mwenye nyumba ameandika. Kikaratasi kiko juu ya mto."

Fundi akatazama pembeni, kwa Mama Shuka. Mama Shuka akatazama viatu vyake.

"Na nafasi ni ya watu wawili," sauti iliendelea. "Namsubiri mama."

Walijikuta chini bila kujua nani alitangulia. Fundi alikuwa akijifuta jasho kwa kofia yake.

"Uliandika nini, dada?"

"Si lolote. Mambo ya biashara."

"Dada yangu, mwizi namtoa. Mpangaji simtoi mpaka mwenye nyumba amtoe. Uliandika nini?"

"Nimekuita ufunge mlango, sikukuita unihoji!" alipaza sauti. "Kila mtu ananionea! Wanakuja, wanaghairi, wananiachia chumba kama kaburi, na leo mwenye kosa ni mimi?"

Juu, kitanda kililia tena, safari hii kama mtu anajinyoosha baada ya mlo mzuri.

Fundi alilisikia hilo, akamwekea kidole mdomoni. "Umesikia? Kila ukifoka kinashiba. Naenda kutawadha, narudi kabla jua halijafika utosini. Mama asisogee ngazi. Na wewe funga huo mdomo."

Angelifuata lile neno, pengine hadithi ingekuwa fupi. Lakini hasira ni kama moto wa kuni mbichi, ukiufunika unatoa moshi. Mama Shuka alimwingiza bibi ndani, akaenda jikoni, akawa anakata vitunguu huku akimsema mhandisi, akimsema mwenye mke, akimsema mwalimu, akimsema fundi, na mwisho akamsema na mama yake, kwamba mtu mzima mzima anazungumza na majini kama anazungumza na muuza maziwa. Aliyasema hayo yote kwa sauti. Na alipomaliza, nyumba ilikuwa imenyamaza kupita kiasi.

Ti.

Mama Shuka aliweka kisu.

Ti. Ti.

Bibi alikuwa na pete moja ya fedha, ya marehemu mumewe, isiyotoka tena kidoleni. Na sauti ile ilikuwa ya pete ikigonga chuma, ikigonga polepole, kila baada ya pumzi moja, kama mtu anayepanda ngazi akishikilia bomba.

Alitoka mbio na vitunguu mkononi, akapita baraza, kile kiti kikiwa kitupu, akainua macho, na pale juu, kwenye jua kali la mchana ambapo hakukuwa na kivuli hata cha nzi, alimwona mama yake, yule ambaye kwa miaka sita hakuwa amepanda hata kizingiti bila kushikwa mkono, akiwa kidato cha saba, mgongo umenyooka, uso unatabasamu, mkono mmoja kwenye bomba na mkono mwingine umeinuliwa mbele kama anayeongozwa, na mlango wa chumba uko wazi, na kitanda kinaonekana mpaka mwisho, upande mmoja umebonyea na upande wa pili shuka limefunuliwa vizuri, pembe imekunjwa, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiwafunulia wageni aliowataka wakae.

Alipanda vidato viwili viwili akamkumbatia kiunoni. Bibi alikuwa mwepesi siku zote. Leo alikuwa akivutwa kama kamba ya kisima.

"Mwache!" Mama Shuka alipiga kelele. "Mwache mama yangu, mwanaharamu wee!"

Bibi akapanda kidato kimoja.

"Nitakuchoma moto na chumba chako!"

Kingine.

"Atakufa huyu, ni mtu mzima, atakufa!"

Na toka ndani ya chumba ikamjibu sauti yake mwenyewe, Mama Shuka, na ule ukali wake, na ile pumzi yake ya puani anapokasirika: "Kufa kwa mama yako si kosa langu."

Alinyamaza. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alinyamaza mpaka ndani. Na aliponyamaza, mvuto ulilegea kidogo, si sana, kiasi cha kidole.

"Usitukane!" Fundi Komeo alikuwa chini ya ngazi, uso unatiririka maji ya udhu. "Ulimpa kwa maandishi, mnyang'anye kwa maandishi! Futa!"

Mkono mmoja ukiwa kiunoni mwa mama yake, kwa mkono wa pili unaonuka vitunguu alitoa simu, akatafuta nafasi ya mwalimu, akabofya kufuta. *Una hakika?* simu iliuliza. Akabofya ndiyo. *Inasubiri mgeni athibitishe.*

"Mgeni gani?" alilia. "Fundi, inataka mgeni!"

"Mpigie!"

Simu iliita, ikaita. Fundi alipanda vidato vichache akaanza kusoma, ngazi inatetemeka, bibi anasema kwa furaha, "Nafika, baba, nafika." Mwalimu akapokea.

"Unataka nini tena?"

Mama Shuka alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, ya mhandisi na ya jogoo, yote yakamkauka. "Mwalimu," alisema, "nimekukosea. Uliniambia umefiwa nikakuandikia maneno ya mnyama. Sikuwa na hasira na wewe, nilikuwa na hasira za watu wengine nikazitua kichwani kwako. Nakuomba msamaha. Nafasi yako naifuta, nakurudishia kila kitu. Nakuomba ubofye ukubali, sasa hivi, nakuomba kwa Mungu. Nimemshika mama yangu hapa."

Bibi alisogeza mguu, ukakanyaga kizingiti.

"Unajua niliyasoma wapi maneno yako?" mwalimu alisema. "Nilikuwa nimeshika maji ya kumwoshea mama. Simu ikalia, nikadhani ni ndugu anasema yuko njiani. Nikasoma hayo. Nikamwosha mama yangu huku nayasikia."

"Sina la kusema, mwalimu."

"Usiseme. Sijakusamehe, usije ukadanganyika. Huko bado sijafika, Mungu akinifikisha nitakwambia." Akavuta pumzi. "Lakini sitaki mama wa mtu. Zile siku sizitaki, zote tisini. Nimebofya. Mshushe mama yako."

Kitanda kilipiga mlio mmoja mkubwa. Joto likatoka mlangoni kama mtu anayepita kwa haraka, mzito, akampiga Mama Shuka bega, akampita fundi aliyejibana ukutani huku ameyakaza macho, vidato vikiitika mguu mmoja tu, kuu, kuu, kuu, mpaka karibu na chini. Kisha shwari. Bibi akaanguka mikononi mwa mwanawe, mzito kidogo, uzito wa mtu, akalalamika: "Magoti yangu! Nani kanileta huku?"

"Ni mimi, mama," alisema Mama Shuka. "Ni mimi niliyekuleta."

Fundi alikisomea chumba kile siku saba. Taulo moja waliikuta imeanikwa vizuri kwenye kitasa cha dirisha, mbichi. Ya pili haikuwa imeguswa. Zote mbili zilichomwa, pamoja na kile kikaratasi. Mwalimu hakupiga simu, na Mama Shuka hakumsumbua. Alimtaja tu kila baada ya sala, yeye na mama yake. Bibi akapewa chumba cha mbele chenye upepo, na kila asubuhi kabla ya chai akaulizwa magoti yanaendeleaje, mpaka akachoka kujibu.

Miezi minne ikapita salama. Halafu mchana mmoja, wakiwa barazani, simu ililia. Muuza dawa, aliyekuwa amechukua miezi miwili, na Mama Shuka ameshawakatalia watatu kwa ajili yake. *Samahani, nimepata kwingine karibu na kazini. Naomba ukubali nifute.*

Damu ilimpanda. Aliijua, akaitambua kama mtu anavyotambua kikohozi chake, lakini kidole kilikuwa kimeshaanza. *Hivi ninyi watu mnaniona mimi*

Juu kitanda kililia. Mara moja, taratibu, kama mtu anayeinuka kwa kiwiko asikilize vizuri.

Ti.

Bibi, pete yake imetulia mapajani, aligeuza uso kwenye kidato cha juu cha ngazi. "Mgeni wako hakwenda mbali," alinong'ona.

Mama Shuka alifuta neno moja moja, kutoka la mwisho hadi la kwanza. Akakosea, akafuta tena. *Hakuna neno, mwanangu,* aliandika. *Nimekukubalia. Nenda salama.* Akatuma. Akasema astaghfirullah, si kwa mdomo tu. Kisha akamshika mama yake mkono, ule wenye pete, wakakaa kimya wakisikiliza mpaka jua likavuka utosi.

Ti ya pili haikuja. Lakini ile ya kwanza, iliyoshuka kidato kimoja, nayo haikusikika ikirudi juu.